Mbwa wa Bwana Barabara na Maji ya Mama Zuhura

Vijana wa ofisi ya mifugo, siku mliponiaga mlinipa kiti, shuka na soda, kisha mkaniomba niandike kumbukumbu zangu za kazini. Mmoja wenu akaongeza, "Lakini Mzee, andika yale ya kujenga." Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima. Kama kujenga ni kusifu wakubwa, basi njooni mchukue kiti chenu. Mimi nilifanya kazi ya mbwa. Nitaandika habari za mbwa na wenye mbwa, hasa wenye mbwa, maana mbwa wenyewe hawakunisumbua sana.

Tena nitaandika miaka ya mwanzo tu, ile ya mwisho ya Mwingereza, Masasi na Newala. Ya baadaye mmeyaona kwa macho yenu, na mengine mmeyafanya ninyi.

Nilitoka Chiungutwa, mtoto wa mkulima aliyekuwa pia mwimbaji wa kanisani, na nilikuwa nimemaliza shule ya misheni bila kujua nielekee wapi. Bwana Mifugo wa Masasi, Mzungu mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha, alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kupambana na kichaa cha mbwa. Aliniuliza kama naogopa mbwa, nikasema siwaogopi. Akaniuliza kama naweza kulenga, nikasema naweza. Hakuuliza la tatu. Nikapewa kaptula ya kaki, bunduki, na vibati vya kuwavalisha mbwa shingoni.

Siku ya kwanza nilitumwa kwetu. Agizo lilikuwa jepesi kulisema: mbwa mwenye mwenyewe afungwe na avalishwe kibati, asiye na mwenyewe auawe. Nilidhani nitakuta kijiji kimejaa wenye mbwa. Nilikuta kijiji kimejaa mbwa tu. Habari za bunduki zilikuwa zimetangulia, na watu walikuwa wamepatana kwamba mbwa wote ni wapita njia.

Nilimkuta Mama Agata, rafiki wa mama yangu, anapepeta mahindi barazani kwake. Mbwa wa rangi ya udongo alikuwa amelala juu ya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza na hiyo kaptula."

"Mbwa huyu wa nani?"

"Mbwa gani?"

"Huyo aliyekulalia miguuni."

Akainama akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Aa, huyu? Huyu hupita tu."

"Anaitwaje?"

"Simba," akajibu upesi, na mbwa akainua masikio.

Nilimweleza kwamba mbwa wa kupita tu ndio hao niliotumwa kuwapiga. Akaendelea kupepeta. Nikakoki bunduki. Hapo ungo ulianguka, mahindi yakatawanyika, na Mama Agata akamfunika mbwa kwa kanga yake mwenyewe. "Ni wangu! Basi piga, tukuone wewe mtoto uliyekula ugali wangu!" Nikatoa kibati na kamba. Tulimfunga Simba chini ya paa la ghala, na yule mama akanifukuza kwa matusi ya Kimakua ambayo sitayaandika, ila yalikuwa mazuri.

Wengine hawakutoa kanga. Walikaa kimya hadi risasi ilie, ndipo wakaanza kulia na wao. Siku hiyo nilijifunza kwamba mtu anaweza kumpenda mbwa na bado akamkana, kwa sababu kumkiri mbwa ni kukiri na yale atakayoyafanya.

Mbwa wenye kichaa niliowaua sitawaombea radhi kwa mtu yeyote. Aliyewahi kumsikia binadamu mwenye ugonjwa ule akililia maji, na yakiletwa akayakimbia hadi ukutani, hawezi kunihubiria huruma. Nawaambia hili mapema, msije mkadhani nilikuwa mtu laini.

Nilipohamishiwa Newala, juu uwandani, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kule mbwa si wa kubweka tu. Nguruwe pori walikuwa wakiingia shambani wanalima kwa pua, na asubuhi unakuta mihogo ya mwaka mzima imekuwa mashimo. Bila mbwa hakuna muhogo, na bila muhogo mnajua wenyewe.

Mwindaji aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Mzee Saidi wa Kitangari. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, na alifuga mbwa bila kuona haya. Aliwajengea kibanda chao mbali na nyumba, wala sikumwona mbwa wake hata mmoja akimrukia mtu au kumlamba mkono. "Akinilamba lazima nioshe mara saba na udongo," aliniambia. "Maji yenyewe yako bondeni. Nitafuga mbwa asiye na adabu mimi, mwehu?" Nguruwe waliouawa hakuwagusa. Majirani zake Wakristo walikuja kuwabeba huku wakimshukuru Mungu, na siku hizo dini zote mbili zilipatana vizuri kabisa.

Nilikwenda kumkagulia vibati, nikabaki kujifunza. Vifaa vyake havikuwa vingi. Alikuwa na kamba ya katani iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na njuga za mti alizowafunga mbwa shingoni ili wakiingia kichakani ajue walipo. Mikononi alikuwa na tonge la ugali wa muhogo. Fimbo hakuwa nayo. Nilipomuuliza, alicheka. "Ukimpiga atakuogopa wewe. Nguruwe ana meno marefu kuliko fimbo yako. Akishazoea kuogopa, atamwogopa yupi zaidi?"

Neno la kwanza alilomfundisha mtoto wa mbwa lilikuwa "ikala", yaani kaa kwa Kimakonde. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, huku tonge likiwa juu kidogo ya pua. Mbwa akitazama juu, matako yanashuka yenyewe. Akishakaa anapewa tonge papo hapo, si baadaye. Na neno ni hilohilo kila siku, kutoka kinywa kilekile. Hakukubali mtu mwingine amlishe mbwa aliyekuwa bado anafundishwa. "Huyu simfundishi kukaa," alisema. "Namfundisha mimi ni nani."

Nikaanza kwenda na mafunzo hayo kila nilipopeleka vibati. Bwana Mifugo hakunikataza. Alisema tu, kwa kikohozi chake, kwamba bunduki ni rahisi zaidi. Katika kijiji cha Chilangala kulikuwa na mzee mmoja, Lukasi, aliyelalamika kwamba mbwa wake ni kiziwi. Nilimjaribu yule mbwa asubuhi, akanisikia vizuri. Nikarudi jioni msimu wa mabibo, nikamkuta Lukasi amekunywa uraka, ile pombe ya mabibo, anamwita mbwa kwa majina ya marehemu wajomba zake wote. Mbwa alikaa mbali anamtazama, kichwa kimeinama upande.

"Unaona?" Lukasi akaniambia. "Kiziwi."

"Baba, anasikia. Anakungoja urudi."

Alinuna. Lakini mkewe aliyekuwa jikoni alicheka hadi akaweka mwiko chini, na tangu siku ile mbwa yule alifundishwa na mama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado watu wa Kitangari hulisimulia, na kila mmoja hulisimulia anavyotaka. Mimi nilikuwapo.

Serikali ilikuwa inatengeneza barabara, na kambi ya barabara ilipigwa karibu na njia ya kina mama ya kuteremkia bondeni kuteka maji. Mabomba yalikuwa hayajafika upande ule. Msimamizi wa kambi alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Barabara. Jina lake la nyumbani sikulitafuta. Alikuwa na mbwa mkubwa wa kahawia aliyeitwa Reksi. Mchana alimfunga kwenye gurudumu la lori na kuwaacha vibarua wamchokoze, kisha jioni alimfungulia "anyooshe miguu". Nilikwenda mara mbili kumwambia amfunze au amjengee banda. Mara ya pili alinijibu kwamba mbwa wake anajua Kiingereza, mimi je?

Asubuhi moja Reksi akakata kamba. Mama Zuhura alikuwa anapanda kutoka bondeni, mtungi kichwani. Huyu alikuwa mama wa makamo, mume wake yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge, nyumbani ana watoto na mama mkwe asiyeona. Mbwa alimshika nyuma ya mguu akautikisa. Mtungi ukaanguka, maji yote yakaingia mchangani. Wanawake wenzake walimtoa mbwa kwa mawe.

Nilifika, nikaosha kidonda kwa sabuni na maji ambayo majirani walichangia kwa vikombe, nikampeleka zahanati. Kisha nikaagiza Reksi afungwe mnyororo na asiuawe, maana mbwa aliyeuma lazima atazamwe kwanza. Akibaki mzima, hana kichaa, na aliyeumwa anaweza kulala usingizi. Ukimuua siku ile ile unabaki kukisia.

Siku iliyofuata Bwana Mifugo alikuja kwa Landrova kutoka Masasi. Hakushuka.

"Yohana, anza Kitangari. Mbwa wote."

"Wote, Bwana? Na wenye vibati?"

"Wote. Bwana Barabara amelalamika bomani kwamba mbwa wa wenyeji ndio wanaomchokoza wa kwake."

"Lakini aliyeuma ni wa kwake."

"Najua." Akakohoa, akatazama mbele. "Ndiyo maana nasema uanze mapema, yaishe."

Nilikwenda kwa Mzee Saidi. Aliiona bunduki kabla hajaniona mimi. Nilimweleza yote. Hakupaza sauti. Aliwaita mbwa wake, akasema "ikala", wakakaa mstari mmoja mbele ya kibanda, njuga zikanyamaza.

"Hao hapo," akasema. "Hawatakukimbia. Anza na unayemtaka. Ila Bwana wako akitoka kwa mbwa awaendee na nguruwe, awaambie wasije."

Nilitazama ule mstari. Mbwa walinitazama mimi, kisha bunduki, kisha mimi tena, wakisubiri kuona tunakwenda kuwinda wapi. Nikasema, "Mzee, sianzi." Nikageuka nikarudi Newala kwa miguu, nikamkuta Bwana Mifugo bado yuko bomani, nikaiweka bunduki juu ya meza mbele yake, nikamwambia kazi hii sitaifanya. Nilikwenda nyumbani na kumwambia mke wangu, Mama Monika.

"Umeirudisha bunduki?"

"Nimeirudisha."

"Na kaptula?"

"Kaptula hawajaidai."

"Basi ivae hiyohiyo kesho uende barazani. Wakutambue vizuri wakati wa kukufukuza."

Baraza lilifanyika mbele ya boma. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyeamua mashauri ya wilaya, alikaa katikati, Liwali kulia kwake, na Bwana Barabara kwenye kiti kando, mguu mmoja juu ya mwingine. Watu walikuwa wengi, kutoka Kitangari hadi Chilangala. Karani akatangaza kwamba kwa usalama wa wananchi mbwa wote wa Kitangari watauawa. Watu wakaguna. Liwali akauliza kama kuna mwenye neno, kwa sauti ya mtu anayetumaini hakuna.

Nikasimama.

"Mimi ndiye niliyetumwa kuwaua, na nimekataa. Mbwa aliyeuma ana mwenyewe. Mwenyewe haishi Kitangari, amekaa pale kwenye kiti. Kama sheria ni kuua, nirudishieni bunduki nianzie kwake. Kama sheria ni kumuuliza mwenye mbwa, basi aulizwe."

Karani alisita kutafsiri. Bwana Shauri akamwambia kwa Kiswahili, "Nimesikia." Bwana Barabara alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nilijua kazi imekwisha, na ajabu ni kwamba sikujuta hata kidogo. Hadi leo sijutii.

Ndipo Mama Zuhura alipojikokota hadi mbele, mguu umefungwa kitambaa. Liwali akamwambia aketi. Alikataa.

"Mimi sikuja kuomba mbwa auawe," akasema. "Nimekuja kuomba maji. Mguu huu hauteremki bondeni. Nyumbani nina watoto, nina mama mkwe haoni. Huyu mbwa ameniharibia mguu na mtungi. Nani atateka maji yangu?"

"Unataka nani ateke?" Bwana Shauri akauliza.

"Mwenye mbwa."

Uwanja mzima ulicheka. Yeye hakucheka, na kicheko kikafa chenyewe. Bwana Barabara akatia mkono mfukoni, akatoa noti.

"Hizo nizitie mtungini?" Mama Zuhura akamuuliza. "Mama mkwe wangu akisema ana kiu, nimpe noti anyonye?"

Bwana Shauri alinong'ona na Liwali muda mrefu. Siku zile maneno ya uhuru yalikuwa yamefika hadi uwandani, na nadhani hakutaka Newala nzima irudi nyumbani na hasira. Alisema mbwa wa Kitangari waachwe, ila kila mwenye mbwa atajibu kwa jina lake mbwa akidhuru mtu. Na Bwana Barabara atahakikisha mama huyu anapata maji.

Atahakikisha. Hilo neno nilikuja kulisikia tena mara nyingi katika utumishi wangu.

Asubuhi mpishi wa kambi alikuja na debe la maji begani. Nilikuwapo, nimekuja kutazama kidonda. Mama Zuhura alimkaribisha, akampa kigoda.

"Wewe ndiye mwenye mbwa?"

"Hapana, mama. Mimi nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Pumzika, umechoka." Akashika debe kwa mikono miwili, akalimwaga lote uani.

Wanawake wa jirani walipiga yowe. Hamjui ninyi wa mabomba maana ya kumwaga debe la maji uwandani. Kuku walikimbilia pale palipolowa. Mama Zuhura akamrudishia mpishi debe. "Mwambie mbwa si wa mpishi."

Mpishi alitumwa tena kesho yake, na debe likamwagwa tena. Baadaye akaanza kulipeleka kwa mama yake mwenyewe, na sikumlaumu. Majirani ndio waliomlisha na kumnywesha Mama Zuhura, kila mmoja akimpunguzia kidogo, na hakuna aliyemwambia akubali lile la kambini.

Mimi sikufukuzwa. Siku moja Bwana Mifugo alinikuta njiani, akasimamisha Landrova, akanipa bunduki kupitia dirishani. "Umesahau kitu chako," akasema, akaenda zake. Aliyonifanyia baadaye kuhusu vyeo nayapita. Niliahidi habari za mbwa, si za vyeo.

Bwana Barabara hakuteka hata kata moja. Kambi ilihamishwa mbele, akaondoka na mahema na malori, na Reksi akaachwa kwenye mnyororo, amefungwa mtini. Bwana Mifugo akanipeleka pale, akaniambia mwenye mbwa hamtaki tena, nimpige. Nilimkuta amelala, ulimi nje, sufuria lake limepinduka. Siku za kutazamwa zilikuwa zimepita na hakuwa na kichaa. Nilikoki bunduki, akanitazama tu. Nikaiweka chini nikamwambia Bwana Mifugo, "Nitamchukua mimi."

"Ameshauma mtu, Yohana."

"Hajawahi kufundishwa na mtu."

"Basi akiuma tena, ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

Niliona nimefanya jambo kubwa, nikampitisha kwa Mama Zuhura nimwoneshe mwenyewe, asije akashtuka kusikia kwa watu. Alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Nilimfunga Reksi mbali, nikamwamkia, nikamweleza.

"Kwa hiyo, Baba Monika, sasa mbwa ni wako?"

"Ni wangu."

"Wako kabisa?"

"Kabisa."

Akanyoosha kidole kwenye debe tupu lililokuwa mlangoni. "Basi bonde unalijua."

Nilicheka. Yeye alikuwa ananitazama kama alivyomtazama Bwana Shauri. Nikavua fulana ya kazi, nikachukua debe na ngata, nikateremka.

Wanaume wenzangu walinikejeli hadi wakachoka. Mwajiriwa wa serikali, kaptula ya kaki, ngata kichwani, katikati ya msururu wa kina mama! Wasichana walinifundisha kutembea bila kumwaga, na siku za kwanza nilifika na nusu debe na mgongo mzima umelowa. Niliteka hadi mguu ule ukapona, na sikuomba kupunguziwa.

Reksi nilikwenda naye kila asubuhi. Mwanzoni nilimfunga midomo kwa kamba laini na kumshika karibu na goti, mbali na njia, wanawake wakipita. Akitulia anapata tonge. Akivuta, tunasimama tu, hata debe likinielemea. Kiingereza chake chote nilikiweka kando nikamfundisha neno moja la Mzee Saidi. Mzee mwenyewe alikuja kututazama, akasema mbwa si mbaya ila mwalimu anamwaga maji.

Baadaye kamba ya mdomoni ikatoka, kisha ya shingoni. Asubuhi moja tulikuwa tunapanda, mimi na debe langu, na nyuma yetu nikasikia mwendo ninaoujua wa mguu unaochechemea kidogo. Mama Zuhura alikuwa ameteremka mwenyewe kwa mara ya kwanza, sasa anapanda na mtungi mpya kichwani. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja mwamba, mwingine korongo. Nikasogea. Nikasema, "Ikala."

Reksi akakaa kwenye ukingo. Mama Zuhura hakupunguza mwendo. Alimpita karibu kiasi kwamba pindo la kanga lilimgusa pua, shingo imenyooka, tone moja halikudondoka. Alipofika juu alisema bila kugeuka:

"Hilo debe lako leo lipeleke kwako, Mama Monika ana kiu. Na huyo mwambie ainuke, nimeshapita."